Annalena Tonelli: Maisha ya Mtumishi wa Wafugaji wa Kaskazini Mashariki na Mafunzo Yake Kwetu

Utangulizi

Msafiri atokaye mjini Garissa akaifuata barabara ya Dadaab hadi karibu na mwisho wa ardhi ya Kenya hufika Liboi, mji mdogo wa mpakani unaotazamana na Dhobley ya Somalia. Nchi hiyo ni tambarare, yenye jua kali na vichaka vya miiba, na uhai wa watu wake hutegemea ngamia, mbuzi na mvua. Tangu mwaka 1991, dola ya Somalia ilipoporomoka, jina la Liboi limeambatana na wakimbizi. Maelfu ya watu waliingia hapo wakiwa na watoto mgongoni, kambi ikafunguliwa, kisha kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikaanzishwa karibu na Dadaab. Mwaka 2007 serikali ya Kenya iliufunga mpaka, na kituo cha kupokelea wakimbizi pale Liboi kikafungwa pia. Hata hivyo, watu hawakukoma kuvuka. Mfugaji na mkimbizi hawafuati mstari uliochorwa kwenye ramani. Humfuata anayewapa maji, malisho na usalama.

Mada yetu si mji huo, bali ni mtu mmoja aliyetumia zaidi ya miaka 30 kuwahudumia watu wa jamii hiyo pande zote mbili za mpaka. Huyu ni Annalena Tonelli, Mkristo Mkatoliki kutoka Italia, aliyeishi Wajir kuanzia mwaka 1970 hadi alipofukuzwa nchini mwaka 1985, kisha akaendelea na kazi hiyo Somalia mpaka alipouawa mwaka 2003. Tumechagua kuyasimulia maisha yake kwa sababu yanagusa swali ambalo vijana wengi Wakristo hujiuliza wanapopangiwa kufundisha, kuuguza au kusoma katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera: je, mtu atakuaje kiroho mahali ambapo karibu kila jirani yake ni Mwislamu, na ambapo hofu imejengeka kati ya pande hizi mbili? Swali hili halijibiwi kwa nadharia peke yake. Ni vyema tukamtazama aliyelijibu kwa maisha yake.

Malezi na Mwanzo wa Utumishi

Annalena Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilikuwa bado vinaendelea. Alisoma sheria na kuhitimu shahada yake, na mbele yake palikuwa na maisha ya starehe ambayo msomi wa nchi hiyo angeweza kuyatarajia. Lakini tangu ujana wake moyo wake ulikuwa kwingine. Kwa miaka sita hivi aliwahudumia maskini wa mji wake mwenyewe: watoto wasio na wazazi, watu wenye ulemavu, na familia zilizoishi katika makazi duni. Yeye na vijana wenzake waliunganisha nguvu katika kamati ya kupambana na njaa duniani iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1963, na kamati hiyo ndiyo iliyoendelea kumsaidia alipokuwa Afrika.

Jambo hili ni muhimu kulizingatia. Annalena hakusubiri kufika nchi ya mbali ndipo aanze kupenda. Alianzia mlangoni pa nyumba yao. Safari ya kuja Afrika ilikuwa ni mwendelezo wa kazi aliyokuwa ameshaianza.

Aidha, inafaa kukumbuka kwamba hakuwa mtawa. Hakujiunga na shirika lolote la kidini, hakuvaa vazi la utawa, na hakutumwa na taasisi iliyomlipa mshahara. Alikuwa mlei aliyejichagulia ufukara na useja ili awe huru kuwatumikia wengine. Katika fikra zake aliathiriwa sana na Mahatma Gandhi, Mhindu aliyeamini nguvu ya kutotumia mabavu, na Charles de Foucauld, Mfaransa aliyeishi maisha ya sala miongoni mwa Waislamu wa jangwa la Sahara hadi alipouawa mwaka 1916. Tunaona basi kwamba tangu mwanzo imani yake haikuogopa kujifunza kwa watu wa dini nyingine, wala haikuogopa jangwa.

Kufika Wajir

Alifika Kenya mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 25. Kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari katika nyanda za juu, na mwaka 1970 akahamia Wajir, katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Wakati huo mkoa huo ulikuwa bado na majeraha mabichi. Vita vya Shifta vilivyoanza mwaka 1963 vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma, mwaka 1967, na sheria ya hali ya hatari iliendelea kutumika huko hadi mwaka 1991. Kwa Wasomali wengi wa Kenya, mgeni yeyote aliyetoka upande wa serikali au upande wa makanisa alikuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Annalena alikuwa na kila sababu ya kukataliwa. Alikuwa kijana, mwanamke, Mzungu, Mkristo, tena hakuwa na mume. Katika jamii inayoiona ndoa kuwa sehemu ya utu uzima, mwanamke aliyejinyima ndoa kwa hiari yake alikuwa kitendawili. Wapo waliomdhihaki na wapo waliomwona kuwa kafiri asiye na nafasi mbinguni. Yeye hakujibu kwa mabishano. Alijifunza lugha ya Kisomali, akavaa nguo za heshima na kufunika kichwa kama wanawake wa pale, akala chakula cha kawaida, akakaa.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, hatua hii ina uzito wa pekee. Katika Kaskazini Mashariki, kwa muda mrefu Kiswahili kilisikika zaidi vinywani mwa askari, makarani na walimu kutoka nje. Kilikuwa lugha ya amri kabla ya kuwa lugha ya urafiki. Annalena alitambua kwamba mgonjwa hawezi kueleza maumivu yake kikamilifu katika lugha asiyoiota ndotoni. Kujifunza lugha ya mwenzako ni namna ya kumwambia kwamba ana jambo la kusema na kwamba wewe uko tayari kumsikiliza.

Polepole wanawake wengine kutoka Italia waliungana naye, nao wakaishi pamoja kwa udugu, sala na kazi. Walianzisha huduma kwa watu wenye ulemavu na kwa watoto viziwi, makundi ambayo jamii iliyahesabu kuwa hayana la kufanya ila kukaa kivulini.

Manyata ya Kifua Kikuu

Kazi iliyoliwekea jina lake kumbukumbu ilikuwa vita dhidi ya kifua kikuu. Ugonjwa huu uliwaua wafugaji wengi, na pamoja na kuua ulileta aibu. Mwenye kifua kikuu alifichwa au kuachwa. Familia yake iliukana ugonjwa ule ili isitengwe. Kwa hiyo mgonjwa alikufa mara mbili: kwanza katika macho ya watu, kisha katika mwili.

Tatizo la tiba lilikuwa la namna yake. Dawa za kifua kikuu zilikuwapo, lakini zilihitaji kutumiwa kwa muda mrefu, mwaka mmoja au zaidi. Mfugaji hupata nafuu baada ya wiki chache, husikia mvua imenyesha mbali, naye huondoka na mifugo wake. Akiacha dawa katikati, vijidudu vilivyosalia mwilini huwa sugu, ugonjwa hurudi kwa nguvu mpya, na watu wa nyumba yake huambukizwa. Ndiyo maana wataalamu wengi waliona kuwa kumtibu mhamaji ni kupoteza dawa.

Annalena hakukubaliana na hukumu hiyo. Mwaka 1976 alisimamia mradi ambao Shirika la Afya Duniani liliuchukua kuwa wa majaribio, wa kuwatibu wahamaji kwa miezi sita. Badala ya kuwalaza wagonjwa wodini, mahali ambapo mtu wa nyika hujiona kifungoni, aliwaruhusu kujenga vibanda vyao wenyewe, vile vile wanavyovijenga malishoni, karibu na kituo cha tiba. Hapo waliishi na jamaa zao. Kila siku kila mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, bila kuachiwa vidonge akavitumie peke yake. Makazi hayo yaliitwa manyata, neno ambalo Kiswahili cha Kenya kimelipata kwa Wamaasai, nalo likaingia katika historia ya tiba.

Matokeo yalikuwa kwamba wagonjwa walikaa hadi mwisho na kupona. Utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa ulienezwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi nyingi miaka ya 1990, na kazi ya Wajir huhesabiwa miongoni mwa zilizoonyesha njia. Nao ulianzia kwa mtu aliyekataa kumlaumu mhamaji kwa kuhama.

Ikumbukwe kwamba Annalena hakusomea udaktari. Alipoona mahitaji yalivyo, alisomea udhibiti wa kifua kikuu, magonjwa ya nchi za joto na ukoma, akapata vyeti katika nchi mbalimbali. Upendo wake haukuridhika na nia njema tu. Alijua kwamba kipimo cha dawa kikikosewa, nia njema haimwokoi mgonjwa.

Wagalla

Mwezi Februari 1984 ulikuja mtihani wa aina nyingine. Kuanzia tarehe 10 mwezi huo, vikosi vya usalama viliwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia katika eneo la Wajir na kuwakusanya katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ulio karibu na mji huo. Walizuiliwa huko kwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilikiri vifo 57. Miaka mingi baadaye ilitaja idadi ya 380, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikadiria kwamba waliokufa walikaribia 1,000.

Annalena na wenzake walitoka kwenda kuwatafuta waliosalia hai na kuwazika waliokufa. Miili mingine ilikuwa imetupwa porini. Hakuishia hapo. Alisaidia kuhakikisha kwamba habari na picha za yaliyotendeka zinawafikia watu walioweza kuyasema nje ya nchi, wakati ambapo kuyasema ndani ya nchi kulikuwa hatari. Mwaka uliofuata, 1985, alifukuzwa Kenya. Akawaacha wagonjwa wake na watoto wake viziwi, na mji ambao kwa miaka 15 ulikuwa nyumbani kwake.

Tungependa msomaji atue hapa kidogo. Kumpa mgonjwa dawa ni jambo linalosifiwa na wote. Kushuhudia ukweli juu ya mauaji humfanya mtu kuwa adui wa wenye nguvu. Annalena angeweza kujitetea kwamba kazi yake ni tiba, si siasa, na kwamba akinyamaza ataendelea kuwatibu mamia. Hoja hiyo ina mantiki yake, na wapo watu wema ambao wangeifuata. Lakini alipozipima njia mbili hizo aliona kwamba huwezi kumwosha mtu kidonda mchana na kukana usiku kwamba alijeruhiwa. Gharama aliilipa yeye, na kwa kiasi fulani waliilipa pia wagonjwa aliowaacha. Hatuwezi kulificha hilo. Uamuzi wa dhamiri mara nyingi hauna upande usiouma.

Ng'ambo ya Mpaka

Baada ya kutoka Kenya alielekea Somalia, akaendeleza tiba ya kifua kikuu kule Beletweyne. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoiteketeza nchi hiyo alikuwa huko, Mogadishu na kisha Merca, akiwalisha wenye njaa na kuwatibu wagonjwa huku mitaa ikitawaliwa na watu wenye bunduki. Alipigwa, akaporwa, akatishwa. Daktari Mwitalia aliyeishika kazi yake kule Merca, Graziella Fumagalli, aliuawa hapo mwezi Oktoba 1995. Annalena alijua basi kwamba njia aliyoifuata inaweza kuishia wapi.

Mwaka 1996 alihamia Borama, kaskazini magharibi, katika eneo lililojitangaza kuwa Somaliland. Huko alianzisha hospitali ya kifua kikuu iliyowalaza mamia ya wagonjwa. Alianzisha pia shule ya watoto viziwi, akawaleta wapasuaji wa macho waliowarudishia vipofu uwezo wa kuona, akawasaidia wanawake waliopinga ukeketaji, na akawapokea wagonjwa wa UKIMWI wakati ambapo wengi hawakutaka hata kulitaja jina la ugonjwa huo. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri kupona walifundishwa kusoma na kuandika, na palikuwa pia na mafunzo ya Kurani kwa ajili yao. Mkristo aliyewawekea Waislamu mahali pa kujifunza kitabu chao kitakatifu hakuwa na haja ya kueleza zaidi kwamba hakuja kuwanunua kwa vidonge.

Je, imani yake mwenyewe aliitunzaje? Katika miaka ya Borama hakuwa na kanisa wala jumuiya ya waumini. Askofu kutoka Djibouti alifika mara chache kwa mwaka kuadhimisha Misa. Siku nyingine zote zilikuwa za sala ya kimya, ya peke yake, kabla ya pambazuko na baada ya kazi. Sala hiyo haikuwa mapambo ya kazi yake; ndiyo iliyokuwa kisima chake, na watu wa Wajir wanaijua vizuri thamani ya kisima.

Tuzo na Kifo

Mwezi Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunukia Tuzo ya Nansen, iliyokuwa na fedha dola 100,000. Mtu aliyekwepa sifa kwa miaka 34 alijikuta mbele ya kamera, kisha akarejea Borama kwa wagonjwa wake.

Usiku wa tarehe 5 Oktoba 2003 alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 60. Wiki mbili baadaye walimu wawili Waingereza, mume na mke, waliuawa katika mji wa Sheikh katika eneo hilo hilo la Somaliland.

Mafunzo kwa Maisha ya Kila Siku

Kutokana na maisha haya tunaweza kujifunza mambo kadhaa.

Kwanza, utumishi huanza pale mtu alipo. Mwanafunzi asiyemjali mwenzake mgonjwa katika chumba cha pili cha bweni hatageuka kuwa mtu wa huruma kwa kupata kazi katika shirika la misaada.

Pili, uvumilivu ni sehemu ya upendo. Watu wa Wajir hawakumwamini Annalena kwa mwaka mmoja. Walimwamini kwa kuwa mwaka wa kumi alikuwa bado yuko. Walimu na wauguzi wengi hufika kaskazini huku wakihesabu siku za kuomba uhamisho. Hatuwalaumu, kwa maana hofu zao zina sababu. Hata hivyo, jamii hujua ni nani amekuja na ni nani anapita tu.

Tatu, ujuzi ni wajibu wa kiroho. Kusali kwa ajili ya mgonjwa na kusomea ugonjwa wake si mambo mawili yanayopingana. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kuandaa somo vizuri kwa mtoto ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili au ya tatu ni tendo la haki.

Nne, ushuhuda wa imani si lazima uwe wa maneno. Wapo Wakristo wanaoona kwamba Annalena alipaswa kuhubiri, na hoja yao haistahili kubezwa. Lakini mwenye kusoma Injili atakumbuka kwamba katika habari ya hukumu ya mwisho wanaoulizwa huulizwa juu ya njaa, kiu, ugonjwa na ugeni.

Tano, tusimwige katika kila jambo. Alikuwa mkali mno juu ya nafsi yake, akalala kidogo na kujinyima mengi. Si kila mtu ameitiwa maisha hayo, na mwili wa mtu unahitaji pumziko. Tunachopaswa kuiga ni mwelekeo wake, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu alizopewa.

Hitimisho

Tarehe 2 Aprili 2015, siku ambayo Annalena angetimiza miaka 72, washambuliaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuwaua wanafunzi zaidi ya 140, wakiwatenga Wakristo ili wawaue. Ilikuwa Alhamisi Kuu, siku ambayo makanisa hukumbuka jinsi Yesu alivyoinama na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Tangu siku hiyo, kwa wazazi wengi wa Kenya jina la Garissa limekuwa jina la msiba, na si rahisi kuwaambia wasiogope.

Lakini mwaka huo huo, mwezi Desemba, basi lililokuwa likielekea Mandera liliposimamishwa na wauaji wa aina hiyo, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki mwezi Januari 2016. Hakuwa na uhusiano wowote na Annalena Tonelli. Hata hivyo, watu hawa wawili, Mkristo aliyefia kati ya Waislamu na Mwislamu aliyefia Wakristo, walisimama mahali pamoja. Msomaji atakayepangiwa kufundisha Liboi, Wajir au Mandera ataingia katika nchi ambayo watu hao wawili wamekwisha kupita. Asiende akidhani kwamba anaanza peke yake.